Ndege ya rimoti ya injini ndogo kwa anayeanza: saizi gani, na mafuta yake Pemba nitayapata wapi?

MwambaoWete

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete. Nataka kuanza kurusha ndege za rimoti, zile za injini inayochoma mafuta, si za betri. Fedha niliyotenga ni ya ndege moja tu, kwa hivyo nauliza kabla ya kutoa.

Niliyoitia jicho ni ndogo: bawa sentimita 100 ncha hadi ncha, injini ya .15. Bei yake inaingilika, inaingia kwenye buti la gari bila ya kufunguliwa, na kiwanja tulichonacho karibu na skuli si kikubwa. Lakini kila ninapopita nakuta anayeanza anaambiwa achukue .40 au .46, bawa la mita moja na nusu na zaidi. Kwa nini mwanafunzi apewe dude kubwa namna hiyo?

Jengine ni mafuta. Nasikia injini hizi haziendi kwa petroli ya kawaida. Na rimoti, ile inayouzwa pamoja na ndege inatosha au ninunue mbali? Mwenye kujua anieleze kwa urefu, sina haraka.

BawaJuu

Wa alaykum salaam. Hiyo ya sentimita 100 iache. Ndogo ni rahisi kubeba, kurusha ni ngumu.

Piga hesabu. Ndege ya bawa la sentimita 100 kwa 18 ina eneo la desimita za mraba 18, na ikishajaa vifaa inafika kilo moja. Ya kujifunzia ya .46 ina bawa la sentimita 160 kwa 30, desimita za mraba 48, uzito kilo 2.7 hivi. Ukigawa, zote mbili zinabeba kama gramu 55 kwa kila desimita, maana yake zinatua kwa mwendo unaokaribiana. Ila mwendo ule ule kwa ndege ndogo ni urefu wake mara nyingi zaidi kwa sekunde, kwa hivyo kila kitu kinatokea haraka kuliko kidole cha mwanafunzi. Upepo unaoitikisa kubwa kidogo unaipindua ndogo. Halafu kuna macho: ikifika mita 150 ndogo inakuwa doa, hujui inakuja au inakwenda. Wanaoanza wengi hawaangushi ndege kwa injini kuzima, wanaiangusha kwa kutojua imeelekea wapi.

Na injini yenyewe. Namba hizi ni inchi za ujazo: .15 ni sentimita za ujazo 2.5, .40 ni 6.5, .46 ni 7.5. Kwenye kabureta ya .15 sindano, yaani skrubu inayopimia mafuta, ikizunguka kidogo tu injini inatoka kwenye mafuta mengi mpaka kwenye ukavu, mafuta machache mno. .46 inakuvumilia.

Unachotafuta ni hiki: bawa likae juu ya kiwiliwili, ncha zake zimenyanyuka kidogo ili ndege ijirudishe yenyewe ikilala upande, na tumbo la bawa liwe bapa au karibu na bapa. Iwe na eleroni (vibapa vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande), si usukani na eleveta (kibapa cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) pekee. Za usukani pekee zinafundisha mkono tabia ambayo baadaye itabidi uifute. Rangi ya juu ya bawa na ya chini zitofautiane. Kama za dukani hazitofautiani, bandika mikanda mipana myeusi chini.

Nunua ile iliyokwisha kujengwa na kufunikwa, wewe unaunganisha tu. Hata hiyo usiiamini. Kabla ya kufunga injini, paka gundi ya epoksi nyembamba kwenye ubao wa mbele unaoshika injini na ndani ya chumba cha tangi. Mafuta ya injini yanaingia kwenye mbao, gundi inalegea, na siku moja injini inang'oka na ubao wake. Magurudumu ya kiwandani mara nyingi ni madogo kwa viwanja vyetu, weka ya milimita 70 au 75. Gurudumu la mbele ndilo la kwanza kuumia: waya wake unapinda kurudi nyuma, na usiponyoosha ndege inakimbilia upande wakati wa kuruka.

Kabureta

BawaJuu kasema kweli, lakini kwa mtu wa Pemba mimi ningeanza na mafuta, ndege ije baadaye. Ndege nzuri isiyo na mafuta ni pambo la ukutani.

Injini hizi za .40 na .46 zinatumia plagi yenye waya mdogo unaowaka mwekundu. Unaupasha kwa betri ya volti 1.2 hadi 1.5, injini ikishika unaiondoa na waya unabaki na joto lake. Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na oili, na mara nyingi nitromethani asilimia 5 hadi 15. Petroli ukiitia humo haiwaki, kwa sababu methanoli ndiyo inayoushikilia moto wa waya ule.

Nitro kwa anayeanza si lazima. Asilimia 5 inasaidia injini isizime ikipunguzwa, basi. Mchanganyiko wa zamani na bado unafanya kazi ni methanoli 80 kwa oili 20: mililita 800 kwa 200 katika lita. Oili ni mafuta ya mbarika yaliyosafishwa kwa ajili ya injini, au ya kutengeneza, au yote mawili nusu kwa nusu. Mbarika inalinda chuma kisishike kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo si dogo, ila inaacha utando wa kahawia kwenye injini. Usishuke chini ya asilimia 18 ya oili kwa injini mpya.

Sasa tahadhari, na hapa sina mzaha. Spiriti ya dukani si methanoli, usijaribu. Methanoli ni sumu: ukiinywa inaua au inapofua macho, na inapita kwenye ngozi, kwa hivyo vaa glavu ukichanganya na uchanganye nje. Moto wake mchana hauonekani. Unaweza kuona hewa inatetemeka juu ya ndege na usijue inaungua. Weka kizima moto cha unga karibu, na ndoo ya maji, kwani methanoli inachanganyika na maji. Ni kemikali inayodhibitiwa, kwa hivyo uliza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar kabla hujaagiza. Kwenye ndege ya abiria haipandi, si begi la mkononi si la chini. Kwenye boti usiifiche ndani ya mzigo. Isafiri kama shehena iliyotajwa.

Ikishafika inakuja shida ya pili: methanoli inanyonya maji ya hewani, na hewa ya visiwani ina maji tele. Dumu lililo nusu linaharibika haraka kuliko lililojaa. Gawanya kwenye chupa za lita moja, zijaze mpaka shingoni, fungua moja moja. Mafuta yaliyonyonya maji utayajua: injini inawaka vibaya, haitulii ikipunguzwa, na ukiwa na chupa nyingine mpya tatizo linaondoka papo hapo.

Tangi la .46 ni mililita 300 hivi, linakupa dakika 10 na akiba kidogo. Dumu la lita 3.8 ni kama miruko 12. Piga hesabu ya usafiri wake hadi Wete kabla hujanunua chochote.

Mashine2T

Ndiyo maana mimi namwambia ndugu yetu achukue petroli tangu mwanzo. Zipo injini za petroli za sentimita za ujazo 9 na 10, NGH GT9 na Evolution 10GX, zinaingia kwenye ndege ya kujifunzia ya saizi ya .60, bawa kama sentimita 180. Petroli ipo kila diko lenye mashine za boti, na inakula kidogo kuliko ya methanoli.

Lakini usichote petroli iliyokwisha kuchanganywa ya boti! Ile kwa kawaida ni petroli 50 kwa oili 1. Injini hizi ndogo zinataka 25 au 30 kwa 1, fuata karatasi yake. Kwa 30, lita moja ya petroli unatia mililita 33 za oili ya 2T. Nunua oili ya kopo, ya kupimia kwenye ndoo hujui ni kitu gani.

Mpira wa mafuta nao ni tofauti. Ule wa silikoni wa methanoli ukipitisha petroli unavimba, unalainika na kuchomoka. Tumia Tygon ya manjano, na kizibo cha tangi kiwe cha petroli. Waliobadilisha injini wakaacha tangi la zamani wanaliona hilo ndani ya siku chache.

Kabureta

Sikupingi kwenye petroli, napinga "tangu mwanzo". Injini ya petroli ina kifaa cha kuwasha plagi, betri yake ya pili na swichi yake, vyote uzito na vyote vya kuharibika. Waya wake ukipita karibu na risiva, kipokezi cha ishara za rimoti ndani ya ndege, unaivuruga, inabidi utenge sentimita 25 hadi 30. Na hizi za chini ya 15 cc ni nyeti kwenye kabureta: sindano mbili, na ukigusa moja unaivuruga nyingine. Mwanafunzi ambaye hajui mlio wa injini iliyokauka atahangaika. Kwa injini ya petroli ya DLE ya 20 cc ningekubaliana nawe mara moja, ila hiyo ni ndege kubwa na bei nyingine.

Mwambao, akikuhakikishia mtu methanoli itafika, chukua .46. Isipofika, mfuate Mashine2T na ukubali kujifunza kabureta kwa muda zaidi. Kukaa na .46 na ahadi ya mafuta "yanakuja" ndiko kusikofaa.

ServoNne

Rimoti: nunua mbali. Inayokuja kwenye boksi mara nyingi inaishia na ndege ile ile. Chukua ya 2.4 GHz, chaneli 6, hata FlySky FS-i6 inatosha kuanzia. Nne ndiyo idadi ya chini kwa injini: eleroni, eleveta, usukani, throtoli (ya kuongeza na kupunguza mwendo wa injini). Iwe na tundu la kuunganisha rimoti ya mwalimu, na waya wa kompyuta ili ufanye mazoezi nyumbani. Programu ya mazoezi ya PicaSim ni ya bure na inatosha kabisa. Fanya humo mpaka ndege inayokujia usoni haikuchanganyi, maana ikikuelekea kulia kwako kunakuwa kushoto kwake.

Chagua throtoli mkono wa kushoto au wa kulia kabla hujalipa. Muulize atakayekufundisha anatumia upi, uchukue huo huo.

Servo, yaani mota ndogo zinazosukuma eleroni na vyenzake, ziwe za kawaida, nguvu ya kuvuta kilo 3 au 4 kwenye mkono wa sentimita moja. Zile ndogo za gramu 9 ni za ndege za foamu, mtetemo wa .46 unazimaliza. Betri ya risiva ni seli 4 au 5 za NiMH, 2000 mAh, na uifunge ndani ya sponji pamoja na risiva.

Washa rimoti kwanza, ndege baadaye. Ukizima, kinyume chake. Na weka kinga ya kupoteza mawasiliano: injini imezimwa, zima rimoti, uone kama throtoli inajifunga. Ikibaki wazi, usiiwashe injini mpaka uirekebishe.

Kitovu cha uzito: pima kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Kwa bawa la upana wa sentimita 30 ndege isawazike kwenye vidole ikiwa kati ya sentimita 8 na 9, tangi likiwa tupu. Ikiwa mkia mzito usirushe hata kwa jaribio. Sogeza betri mbele, kisha kama bado ongeza risasi puani.

Eleveta ipande na kushuka milimita 12 hadi 15, eleroni milimita 8 hadi 10. Halafu simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia: eleroni ya kulia ipande juu, ya kushoto ishuke. Fanya hivyo kila unapofunga bawa, kwa sababu ni nyaya mbili zinazofanana na zinabadilishana kirahisi. Ikiwa kinyume, ndege itaondoka ardhini sawasawa na haitamaliza mita 20.

MwambaoWete

Nimewaelewa, ahsanteni sana. Kuna mtu Unguja anauza .46 ya mtumba na sailensa yake, na mafuta anasema ataniletea. Nimeizungusha kwa mkono bila ya kuiwasha: inazunguka vizuri, ikifika juu inabana kama inataka kukwama, kisha inapita. Anasema ndiyo hali yake. Ananidanganya?

Kabureta

Hakudanganyi. Silinda ya injini hizi ni nyembamba kidogo juu kuliko chini, na pistoni imekatwa kuifuata. Ikipoa inabana, ikipata joto silinda inapanuka na kubana kunaondoka. Injini ya mtumba isiyobana kabisa juu ndiyo ungeikimbia.

Angalia mengine. Ifunge propela, plagi iwe ndani, isukume polepole mpaka juu: lazima ikurudishe nyuma kama chemchemi. Kisha toa plagi uizungushe kwa kidole na usikilize beringi. Ukihisi mchanga au mlio wa kukwaruza, beringi zimeshika kutu. Zinabadilishika, ila mshushe bei. Toa sailensa uchungulie pistoni kupitia tundu la moshi: mikwaruzo ya wima ni mchanga ulioingia, na hiyo haina dawa. Kagua masikio yanayoshika boliti kama yana ufa, na uzi wa plagi usiwe umelika. Sindano ikizungushwa ibane kidogo, ikizunguka yenyewe itajibadilisha hewani.

Ikiwa imekwama kabisa kwa utando wa mbarika, usiilazimishe. Ipashe kwa kikausha nywele, tia matone ya mafuta, subiri. Na kama unaipakia kwenye ndege ya abiria, ioshe mpaka isinuke mafuta, la sivyo watakuzuia.

Kuiwasha: propela 11x6 (kipenyo inchi 11, hatua inchi 6), ya nailoni yenye nyuzi za kioo, si ya mbao. Sindano kubwa fungua zamu 2 na nusu kutoka ilipofungwa. Tangi likae usawa wa sindano au chini yake kidogo, si juu, na mpira kutoka sailensa uingie kwenye tangi kulisukuma. Ndege ishikwe na mtu mwengine kwa nyuma, stata au kijiti cha kupigia propela, si kidole. Ikishika, pita nyuma ya propela ndipo uondoe betri ya plagi.

Throtoli wazi yote, funga sindano mbofyo mmoja mmoja mpaka mlio upande na utulie, kisha rudisha mbofyo mbili au tatu. Bana mpira wa mafuta kwa vidole nukta moja uachie: mlio ukipanda kidogo ndipo ushuke, uko sawa. Ukidondoka hapo hapo, umekauka. Mwisho nyanyua pua ya ndege ielekee mbinguni kwa sekunde kumi. Ikipungua nguvu, fungua mbofyo mbili. Kwa joto na unyevu wetu hewa ni nyepesi, kwa hivyo sindano inayofaa itakuwa imefungwa kidogo kuliko karatasi ya kiwandani inavyosema. Usishangae, na usipitilize. Moshi mweupe mwembamba uonekane muda wote wa kuruka.

Jioni chomoa mpira wa mafuta injini ikiwa inazunguka, iache imalize yaliyomo izime yenyewe. Kisha matone 5 au 6 ya mafuta ya gia ya otomatiki kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, izungushe. Ukiiacha na methanoli ndani, kwa wiki moja ya hewa ya Pemba beringi ya nyuma inaanza kuwa nyekundu.

BawaJuu

Niongeze la kiwanja, maana hilo hukujibiwa. Uwanja wa mpira una mita 100, kwa kuruka unatosha. Kwa kutua hautoshi, kwa sababu ndege inateremka kidogo kidogo na minazi iliyo mwisho wa goli ipo njiani. Unahitaji kiasi cha mita 200 za wazi kila upande wa njia. Pemba ni vilima na mabonde, na upepo ukivuka kilima unapinduka upande wa pili. Usirushe nyuma ya kilima ikiwa upepo unatoka huko. Bonde la mpunga lililovunwa na kukauka linafaa kama ni pana, ukiwaomba wenyewe. Ufukwe wa Vumawimbi ni mzuri maji yakipwa, ila uko jirani na msitu wa Ngezi, uliza kwanza. Uwanja wa mpira wa Gombani usiufikirie.

Anza alfajiri ikishatoka, saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Miezi ya maleleji, ile ya utulivu kati ya kaskazi na kusi, ndiyo ya kujifunzia. Kusi ikishakaza, ya .46 inavumilia mpaka kilomita 15 au 20 kwa saa na mwalimu pembeni. Peke yako, subiri.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hivyo kibali unakiuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hata ukiwa Wete, na usisogee karibu na uwanja wa ndege wa Chake. Sheha wa shehia naye apewe habari mapema. Injini ya .46 inasikika mbali, na watu wakisikia kitu kinachonguruma juu ya paa zao alfajiri watampigia yeye kabla yako.

MwambaoWete

Sheha ni jirani, hilo jepesi. Swali la mwisho: nikirusha ufukweni, mchanga kwenye kabureta nauzuiaje?

ServoNne

Usiiwashe juu ya mchanga. Chukua kipande cha plaiwudi cha mita moja kwa mita moja na nusu, washa na urekebishe hapo juu, kisha ibebe hadi penye mchanga mgumu uliolowa ndipo uiachie. Ikipinduka wakati wa kutua usiizungushe propela hata kidogo: ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa, ipeleke kwenye plaiwudi, ioshe kwa mafuta yake yenyewe kwa brashi, pua ikitazama chini. Na futa chumvi kwenye waya za magurudumu na skrubu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, usingoje kufika nyumbani kesho.